Nguruwe wa Kikombe

Kwa miezi saba Rhonda Teague alimwomba Mungu nguruwe asikue. Aliomba asubuhi akipima chakula, robo kikombe, na jioni akaomba tena akipima robo nyingine. Nguruwe mwenyewe, Opal, alisimama miguuni pake akilia. Haukuwa mlio wa kudeka. Ulikuwa mlio mmoja mrefu, kama bawaba iliyokosa mafuta, nao haukukoma mpaka usingizi umchukue.

"Mama, ana njaa," Marnie alikuwa akisema. Marnie alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka tisa.

"Anatujaribu tu. Dada Lavonne alisema watatujaribu. Imeandikwa kwenye karatasi: usimhurumie."

Karatasi hiyo ilibandikwa kwenye mlango wa friji, na Rhonda aliifuata kama alivyofuata kila alichopewa na mtu wa kanisa. Lavonne Stuckey hakuwa wa kanisa lao pale Ardis. Alisali katika kanisa la aina ile ile, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na tangazo lake lilikuwa na msalaba mdogo pembeni. Liliandikwa: nguruwe wa kikombe, wanaozaliwa wakienea kikombeni, wazuri kwa watoto, hawazidi ratili ishirini na tano maisha yao yote. Rhonda alikuwa mpishi wa shule ya msingi, si mtu wa kununua kitu kwa kuangalia picha. Aliomba kuwaona wazazi, akaonyeshwa dume na jike. Wote wawili wangeenea kwenye sinki la jikoni, na jike lilikuwa linanyonyesha. Alitaka ushahidi gani zaidi ya huo? Kisha Lavonne akawapanga duara, akawashikisha mikono, akakiombea kitoto cha nguruwe walichokichagua. Rhonda akasema amina kwa sauti, akatoa dola mia tisa, na Marnie akamleta Opal nyumbani ndani ya sweta lake.

Mambo mawili hakuyauliza. Hakuuliza wale wazazi walikuwa na umri gani, wala hakwenda ofisi ya mji kuuliza kama nguruwe anaruhusiwa kukaa Ardis. Alikuwa ameshaomba, naye aliona aliyeomba hana haja ya kuulizauliza.

Opal alikuwa na akili kuliko mbwa yeyote wa mtaa ule. Siku ya tatu alishajua kubisha mlango kwa pua akitaka kwenda kujisaidia nje. Aliujua mngurumo wa basi la shule likiwa bado kona ya pili. Marnie alikuwa mtoto mzito wa kusoma, aliyeona haya kusoma mbele ya wenzake, lakini jioni alikaa sakafuni akamsomea Opal kurasa nzima, na nguruwe akasikiliza, kidevu chake kikiwa juu ya mguu wa mtoto. Mwalimu alimpigia Rhonda simu kuuliza wamepata mwalimu wa ziada wapi.

Mwezi Machi, mwezi wa saba tangu wamlete, manyoya yakaanza kutoka. Halafu miguu ya nyuma ikawa inatetemeka. Rhonda akampeleka kwa daktari wa mifugo, mzee Ostrander, aliyezoea ng'ombe na farasi na hakuwa na subira na watu.

Mzee alipitisha kidole juu ya uti wa mgongo wa Opal kama mtu anayehesabu vifungo vya shati.

"Unamlisha nini huyu?"

Rhonda alimwambia. Alisema kwa fahari kidogo, maana hakuwahi kukosea hata siku moja.

"Robo kikombe," daktari alirudia. "Wewe mama unapika wapi vile?"

"Shuleni."

"Ungempa mtoto wa shule vijiko vitatu vya uji, ungeitwa nani?"

Rhonda alimvuta Opal karibu na mguu wake.

"Hakuna nguruwe wa kikombe, bibie. Kuna nguruwe mdogo, na kuna nguruwe mwenye njaa. Mdogo ana ratili mia, mia na ishirini. Huyu wako mifupa inataka kukua na hapati cha kukuzia. Ulionyeshwa wazazi?"

"Niliwaona kwa macho yangu. Walikuwa hivi." Alionyesha kwa mikono.

"Walikuwa na umri gani?"

Rhonda alishusha mikono.

"Jike la nguruwe linaweza kuzaa likiwa na miezi tisa, kumi, na kabla ya hapo pia. Ulimwona mtoto aliyezaa mtoto. Anayetaka kujua nguruwe atafika wapi amtazame mama mwenye miaka mitano." Akanawa mikono akiwa amempa mgongo. "Mlishe. Kikombe kizima mara mbili, na majani. Mpe mahali pa kufukua udongo. Na nitamfunga kizazi akipata nguvu, maana naona hilo nalo hukuambiwa."

Nyumbani Rhonda aliing'oa karatasi kwenye friji. Akamwekea Opal chakula cha kumtosha, bakuli likajaa, akapiga magoti palepale jikoni atubu, maneno yakakataa. Nguruwe alikula nusu, akasimama, akaliangalia bakuli kana kwamba ni mtego. Alipomaliza alilala amelizungushia mwili bakuli lenyewe. Alilala hivyo wiki tatu.

Kisha akakua. Akapendeza, akawa mweusi wa kung'aa, akafungwa kizazi, akapata kidimbwi cha matope nyuma ya nyumba. Jirani yao Gus Fenner, mstaafu wa reli, alimsalimia kila siku akiwa upande wake wa uzio.

"Bekoni hajambo leo?"

"Opal hajambo, Gus."

"Mwambie namheshimu. Hasa wakati wa kifungua kinywa."

Marnie alimkasirikia, Gus akacheka, akatupa tufaha juu ya uzio. Hivyo ndivyo walivyoishi mpaka Oktoba, watu wa Ardis walipopanga maboga kwenye vibaraza vya nyumba zao kama kila mwaka. La Gus kubwa kuliko yote lilikuwa la kuingiza kwenye mashindano ya wilaya. Opal sasa alishiba kila siku, lakini njaa ya mwanzo haikuwa imemtoka kichwani. Alivunja ubao mmoja wa uzio mchana kweupe, akala maboga matatu na kuangusha ngazi ya kibaraza akitafuta la nne.

"Sina ugomvi na wewe, Rhonda," Gus alisema, kofia mkononi. "Lakini maboga matatu! Na ngazi! Nimepiga simu ofisi ya mji waniambie tu sheria inasemaje."

Sheria ilisema: ndani ya mipaka ya mji hakuna ng'ombe, mbuzi, wala nguruwe, wa ukubwa wowote. Ilikuwa imeandikwa hivyo tangu kabla Rhonda hajazaliwa, na ingemchukua dakika tano kuisoma. Afisa wa wanyama alileta barua yenye siku thelathini. Gus alipoiona alirudi ofisini akaomba kuyafuta malalamiko yake, akaambiwa malalamiko hayafutiki.

Rhonda alipiga simu kila mahali panapolea nguruwe waliotupwa. Watano walimwambia wamejaa. Mama mmoja wa upande wa kusini alicheka, cheko la mtu aliyechoka.

"Mwanangu, ninao mia moja na arobaini hapa. Wote walikuwa wa kikombe."

Alitafuta nyumba ya kupanga nje ya mji, kila mwenye nyumba akakata simu akisikia nguruwe. Bwana mmoja alijibu tangazo lake akisema ana shamba zuri. Swali lake la kwanza lilikuwa Opal ana ratili ngapi. Lavonne Stuckey hakupokea simu hata moja kati ya kumi na tisa.

Ostrander ndiye aliyesema lililobaki. "Ijumaa ndiyo mwisho wako. Ukikosa mahali, mlete saa kumi jioni. Usimpe mtu anayetaka nyama ya friza. Kwangu ni sindano moja, atalala tu asiamke."

Ijumaa asubuhi Rhonda alimwambia Marnie kwamba anampeleka Opal alikozaliwa, akaongee na Dada Lavonne uso kwa uso. Marnie alitandika blanketi lake mwenyewe juu ya majani makavu nyuma ya pikapu.

"Mwambie haogopi watu ila anaogopa radi. Na mwambie akisomewa anatulia."

"Nitamwambia."

"Mama, atamkubali?"

"Omba, mwanangu."

Lavonne alikuwa uani akimwaga maji aliposikia gari. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye aproni safi. Alimwangalia Opal, akamwangalia Rhonda, na uso wake haukushtuka hata kidogo.

"Dada Nadine?"

"Rhonda."

"Rhonda! Mpenzi wangu. Njoo, mteremshe, usiogope. Twende nyuma huku."

Nyuma ya ghala palikuwa na kiwanja kirefu chenye mialoni mizee. Chini yake nguruwe watano wakubwa walikuwa wakiokota matunda ya mialoni kwenye majani yaliyopukutika. Walikuwa na banda kavu na hodhi la kujinywea maji wenyewe, na migongo yao ilikuwa mipana.

"Hawa ni nani?" Rhonda aliuliza, ingawa alishajua.

"Wenzake. Walirudishwa, kama wako. Mimi si mtu mbaya, dada. Anayerudi nampa mahali, na hapa hachinjwi nguruwe." Lavonne alifungua lango. Opal alisimama kizingitini, akanusa, akaenda mbio za kitoto mpaka chini ya mwaloni wa kwanza, akaanza kutafuna. Jike mmoja mzee alimsogelea, wakagusana pua. Opal hakuwa amewahi kumwona nguruwe mwenzake tangu aondoke hapa.

Rhonda aliegemea nguzo ya lango. Asante, alisema moyoni. Asante, asante.

"Kitu kimoja tu," Lavonne alisema, akiangalia saa yake. "Nina wateja wanakuja sasa hivi. Familia nzuri, wana mtoto. Sitaki mazungumzo. Nyie mnarudisha, mimi napokea, na mambo ya huku nyuma yanabaki huku nyuma. Wenzako watano walinielewa. Wewe je?"

"Unawauzia wa kikombe?"

"Nauliza, wewe je?"

Rhonda alimwangalia Opal. Alifikiria saa kumi jioni. "Nimeelewa," alisema.

Hakupata nafasi ya kuondoka. Gari la wateja lilikuwa limeshaziba njia, nao walikuwa wanashuka: baba kijana mwenye kofia ya besiboli, mama mjamzito, na msichana wa miaka saba hivi, mwenye pengo la meno ya mbele. Lavonne alimtambulisha Rhonda kama dada katika Bwana. Rhonda akasimama kando ya bomba akajifanya ananawa. Aliona wazazi wakiletwa, dume na jike, wadogo kama wale wa mwaka jana. Lakini jike la mwaka jana lilikuwa na mguu mmoja mweupe, na hili lilikuwa jeusi tupu. Aliona karatasi ikitolewa. Alisikia, "Robo kikombe, na msimhurumie, hawa ni wajanja." Akanawa mikono mara ya tatu.

"Ana jina?" msichana aliuliza, kitoto kikiwa kifuani mwake.

"Utampa wewe, mpenzi. Sasa hatuondoki bila kumshukuru aliyemuumba. Tushikane mikono. Dada Rhonda, njoo, mama, usijitenge."

Akavutwa kwenye duara. Mkono mmoja akashikwa na Lavonne, wa pili na yule msichana, aliyekuwa amekibana kitoto kwapani.

"Baba," Lavonne aliomba, "tunakushukuru kwa kiumbe hiki kidogo, ulichokiumba kiwe kidogo. Kiwe furaha ya nyumba, kisiwe mzigo. Wape hawa moyo wa kutii maelekezo. Na sote tuseme..."

Neno kwa neno ndivyo alivyomwombea Opal. Wengine walisema amina. Hata msichana alisema, kwa pengo lake. Rhonda alifungua kinywa na neno halikuja. Maisha yake yote hakuwahi kuinyima dua ya mtu neno hilo, na sasa watu wanne walikuwa wanamsubiri huku wameshikana mikono.

"Amina, dada," Lavonne alisema polepole, akiminya vidole vyake.

"Siwezi," Rhonda alisema. "Si kweli. Hatabaki mdogo. Atafika ratili mia. Hao mliowaona ni watoto waliozaa. Karatasi hiyo inamtesa kwa njaa, nilimtesa wangu miezi saba kwa karatasi hiyo hiyo. Wangu yuko nyuma ya ghala. Njooni mwone."

Waliona. Baba alivua kofia akajikuna kichwa, akiwatazama nguruwe sita chini ya mialoni.

"Hao watano ni wa nyama," Lavonne alisema bila haraka, sauti yake ikiwa tamu vilevile. "Aina nyingine kabisa. Huyo mweusi ndiye wangu, kweli, na mniwie radhi mmeyaona haya. Mwulizeni mwenyewe. Dada Rhonda, mbele za Mungu, ulifuata karatasi yangu?"

"Niliifuata mpaka alipoanza..."

"Mpaka leo? Ulifuata mpaka leo?"

Rhonda hakujua kudanganya mbele za Mungu. "Hapana. Mwezi Machi niliacha."

"Ukamlisha."

"Nikamlisha."

"Basi ndiyo hayo." Lavonne aliwageukia wateja, akainua mabega. "Nikiwaambia watu hawasikii. Wanamhurumia, wanamjaza, halafu wanakuja kunilaumu mimi."

"Alikuwa anakufa!" Rhonda alisema. "Mwulizeni daktari yeyote wa mifugo. Nitawapa namba ya wangu. Tafadhali, baba, mpigieni kabla hamjalipa."

Kijana alimtazama kwa upole. Huo upole ndio uliomkata Rhonda maini kuliko matusi. "Mama, usijali. Sisi tutafuata karatasi."

"Baba, amelala," msichana alinong'ona. Kitoto kilikuwa kimefumba macho ndani ya koti lake. Mama yake alimpangusa nywele usoni, akamwambia mumewe alipe waondoke, baridi inaingia. Rhonda aliandika namba ya Ostrander nyuma ya risiti ya petroli, na chini yake akaandika: kikombe kizima, mara mbili. Baba aliipokea, akaikunja, akaitia mfukoni bila kuisoma.

Gari lao lilipoondoka, Lavonne alikwenda kulifungua lango.

"Mchukue nguruwe wako."

"Lavonne. Wamenunua. Hukupoteza kitu. Mwache akae."

"Wewe ukishasema mara moja utasema tena."

"Nakuomba. Mwisho wake ni saa kumi leo. Ataenda kudungwa sindano."

"Ungelifikiria hilo wakati wa amina," Lavonne alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka.

Opal hakutaka kutoka. Ilibidi Rhonda amvute kwa blanketi la Marnie, wakati yule jike mzee akiwafuata mpaka langoni.

Ostrander hakuuliza kitu. Alimpima, desturi yake tu, akasema ratili tisini na nane, afya nzuri kabisa, kisha akajutia kusema. Akaleta ndoo ya matufaha yaliyokatwa akaondoka kwa robo saa. Rhonda alikaa kwenye saruji, Opal akala mpaka mwenyewe akaiacha ndoo, akaweka kidevu juu ya mguu wake. Rhonda alijaribu kuomba, akajikuta anasoma kwa sauti bango la chanjo lililokuwa ukutani, mstari kwa mstari, mpaka sikio la nguruwe likatulia na daktari akarudi.

Marnie alikuwa amekaa kwenye ngazi za kibaraza, begi la shule bado mgongoni. Aliona nyuma ya pikapu Opal hayumo, akaruka juu.

"Alimkubali!"

Rhonda angeweza kuliacha hivyo. Mtoto angelala, na mwakani angekuwa amezoea. Alikaa naye kwenye ngazi akamwambia yote, mialoni, jike mzee, duara, karatasi, matufaha. Hakuruka kitu. Marnie alilia kwanza kwa sauti, kisha bila sauti. Upande wa pili wa uzio Gus alifungua mlango, akawatazama, akaufunga.

"Kwa hiyo alikuwa ameshaingia," Marnie alisema mwishoni. "Alikuwa anakula, na ana rafiki."

"Ndiyo."

"Na wale watu walikusikiliza?"

"Hapana."

"Walimnunua tu."

"Walimnunua."

Marnie alivua begi, akaliweka katikati yao.

"Ungesema tu amina, mama."

"Ndiyo," Rhonda alisema.

Mtoto akainuka, akaingia ndani. Rhonda alibaki kwenye ngazi mpaka taa za mtaani zikawaka, akisubiri majuto yamwambie kwamba alikosea kusema, au amani imwambie kwamba alifanya vyema. Hakikuja hata kimoja. Akaenda kuondoa majani makavu kwenye pikapu.